Kitovu cha Njia: Hesabu ya Mahali pa Kushushia Mzigo Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Msafiri atokaye Uvira kwenda Bukavu kwa Barabara ya Taifa namba 5 hupita Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi na Katogota, kisha hufika Kamanyola, ambako uwanda wa Ruzizi unakwisha na milima inaanza. Katika uwanda huo huo palikuwapo reli. Ilifunguliwa mwaka 1931 na kampuni ya Chemins de fer du Kivu, ikatoka bandari ya Kalundu, kusini kidogo ya mji wa Uvira, ikaenda takriban kilometa 94 hadi Kamanyola, na hapo ikakoma. Nia ilikuwa kuyaunganisha maziwa mawili, Tanganyika na Kivu, ili mzigo utokao bandarini ufike Bukavu, mji ambao wakati huo uliitwa Costermansville. Reli haikufika Bukavu kamwe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilifungwa.

Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni ukali wa milima na uchache wa fedha katika miaka ya mdororo wa uchumi wa dunia. Sababu hizo ni za kweli, lakini zinaeleza tu kwa nini reli haikuendelea mbele. Hazielezi kwa nini kipande kilichokwisha kujengwa hakikuweza kuishi chenyewe, ijapokuwa kilikuwa katika ardhi tambarare na chenye pamba ya uwandani ya kubeba. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hili kwa msaada wa tawi moja la hisabati, yaani hesabu ya kutafuta mahali bora pa kuweka vitovu katika mtandao wa usafiri au wa mawasiliano. Hesabu hiyo ni changa kuliko reli yenyewe. Hata hivyo yatusaidia kuona kwamba kosa kubwa la reli ya Kamanyola lilikuwa mahali ilipolazimisha mzigo ushushwe, zaidi ya ufupi wake.

Istilahi na hesabu

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno. Mahali ambapo mizigo, abiria au habari kutoka pande nyingi hukusanywa, hupangwa upya na kupelekwa pande nyingine tutapaita kitovu. Neno njia panda halifai, kwa kuwa njia zaweza kupandana pasipo kitu chochote kushushwa. Neno kituo nalo ni pana mno. Hata mwembe wa kupumzikia wapita njia ni kituo. Njia zitokazo kitovuni kwenda miji midogo tutaziita matawi, na ile njia nene iungayo kitovu na kitovu tutaiita shina. Mji au kijiji chochote kilichomo katika mtandao tutakiita kifundo.

Swali la asili ni kongwe. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliuliza: ukipewa nukta tatu, ni nukta gani ya nne ambayo jumla ya umbali wake hadi zile tatu ni ndogo kuliko zote? Mwitaliano Torricelli alilijibu. Mwaka 1909 Mjerumani Alfred Weber alilichukua swali hilo akalitumia kwa viwanda: kiwanda kikae wapi kati ya malighafi na soko? Lakini nukta ya Weber yaweza kuangukia popote, hata katikati ya kinamasi au juu ya genge. Aliyeirudisha njiani ni S. L. Hakimi mwaka 1964, alipokuwa akishughulikia mahali pa kuweka mitambo ya kuunganishia simu. Alithibitisha kwamba ikiwa tunatembea juu ya njia zilizopo tu, basi angalau mahali pamoja palipo bora patapatikana kwenye kifundo chenyewe, wala hapana haja ya kutafuta katikati ya njia. Kwa uthibitisho huo utafutaji usio na mwisho uligeuka kuwa wa kuhesabika.

Hata hivyo mtambo wa Hakimi ulipokea tu, na kitovu kamili hupokea na kupitisha. Sura ya kihisabati ya jambo hili ilitolewa na Morton O'Kelly mwaka 1986 na 1987, akitumia idadi ya abiria wa ndege kati ya miji 25 ya Marekani. Gharama ya mzigo utokao mji mmoja kwenda mwingine huwa na sehemu tatu: tawi la kwanza, shina, na tawi la mwisho. Gharama ya shina huzidishwa kwa namba iliyo chini ya 1, iitwayo alfa, kwa kuwa mizigo iliyokusanywa pamoja husafirishwa kwa bei nafuu kuliko mzigo ulio peke yake. Mwaka 1973 kampuni ya Federal Express ilikuwa imekwisha kuitumia fikra hiyo bila kusubiri wanahisabati: vifurushi vyote vilipelekwa Memphis usiku, vikapangwa, vikatawanywa. Kifurushi kilichokwenda mji wa jirani kilizunguka kupitia Memphis. Ukikitazama hicho kimoja ni upuuzi. Ukivitazama vyote kwa jumla ni busara.

Ugumu wa hesabu ni kwamba kila uamuzi unagusa mwingine. Katika miji 25, vitovu vinne vyaweza kuchaguliwa kwa namna 12,650. Ukishachagua vinne, miji 21 iliyobaki yaweza kugawanywa kwa vitovu hivyo kwa namna zaidi ya trilioni 4. Kwa hiyo wataalamu hutumia mbinu za kukaribia jibu: kuupa kila mji kitovu kilicho karibu nao, halafu kujaribu kile cha pili kwa ukaribu na kuona kama jumla inashuka. Baadaye J. F. Campbell mwaka 1994 aliliandika tatizo hilo kwa namna ambayo kompyuta yaweza kulitatua vizuri zaidi, na mbinu zimeendelea kuongezeka tangu hapo.

Mambo mawili katika hesabu hii yanastahili kutiliwa shaka na mwanahistoria. La kwanza ni kwamba alfa huchukuliwa kana kwamba imekwisha kutolewa, ilhali nafuu hupatikana kwa wingi wa mzigo tu. Treni tupu haina nafuu yoyote. O'Kelly mwenyewe, pamoja na Bryan, alirudi mwaka 1998 kurekebisha jambo hilo. La pili ni kwamba gharama ya kushusha na kupakia upya mara nyingi huachwa nje. Hapo hapana budi kumkumbuka Mmarekani Charles Cooley, ambaye mwaka 1894, katika nadharia yake ya usafirishaji, alieleza kuwa watu na mali hujikusanya pale usafiri unapokatika, yaani pale mzigo unapolazimika kubadilisha chombo. Kwa maoni yetu, mtu akiwa na jozi hii, alfa ya O'Kelly na mkatiko wa Cooley, anaweza kuisoma historia ya pwani za Tanganyika kwa miaka mia moja na hamsini.

Tabora, Ujiji, Uvira

Katika karne ya 19 chombo cha usafiri nchi kavu kilikuwa bega la pagazi, na mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 30. Misafara ilitoka Bagamoyo na sehemu nyingine za Mrima ikafika Tabora, na Tabora ndiyo kitovu kilicho safi kuliko vyote katika historia yetu: njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Ufipa na Katanga. Shina la Bagamoyo hadi Tabora halikuwa na gurudumu wala mvuke, lakini lilikuwa na alfa yake. Msafara mkubwa ulijilinda, na ulijadiliana juu ya hongo kwa nguvu ambayo wafanyabiashara watatu wenye mapagazi ishirini hawakuwa nayo. Tuangalie pia kwamba hongo ya Ugogo ilikuwa sehemu halisi ya gharama ya njia. Umbali kwa miguu haukutosha kuieleza bei ya pembe za ndovu.

Ujiji kilikuwa kitovu kwa sababu ya Cooley: hapo bega lilikoma na mtumbwi ukaanza. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na mwezi Aprili walipanda mitumbwi hadi Uvira. Burton aliieleza Uvira kuwa ghala kubwa la kaskazini la watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma. Tusilipite neno la kwanza katika orodha hiyo; vitovu vya misafara vilikusanya watu kama vilivyokusanya meno ya tembo. Huko Uvira wageni hao walielezwa na wenyeji kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki, jambo ambalo Livingstone na Stanley walilithibitisha kwa macho mwaka 1871. Kwa wanajiografia wa Ulaya lilikuwa ni suala la chanzo cha Nile. Kwa mfanyabiashara maana yake ilikuwa nyepesi zaidi: kutoka Uvira kwenda kaskazini hakuna maji ya kumbeba, hivyo mzigo utarudi begani.

Kwa wasomaji wa jarida la Kiswahili ni halali kuongeza neno moja hapa. Mahali mzigo uliposhushwa, lugha nayo ilishushwa. Miji kumi iliyotaka kuunganishwa moja kwa moja ingehitaji njia 45. Kwa kitovu kilicho miongoni mwao zatosha 9. Lugha nazo ni vivyo hivyo. Wasemaji wa lugha kumi wakitaka kila mmoja ajifunze lugha ya kila mwenzake, jozi ni 45. Wakikutana katika lugha moja ya kumi na moja, wanahitaji viungo 10 tu. Pwani ya kaskazini ilikuwa na Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kirundi na nyinginezo, na Kiswahili kilikaa Ujiji, Uvira, Kasongo na Nyangwe kama kitovu kisichokuwa mali ya tawi lolote. Wengi wameandika kwamba Kiswahili kilienea kwa kufuata njia za misafara. Ingekuwa sahihi zaidi kusema kilienea kwa kufuata mahali pa kushushia mizigo, kwa maana vijiji vingi vilivyopitwa tu na njia hizo viliendelea na lugha zao muda mrefu.

Kilometa 94

Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ujiji, iliyo kilometa chache tu kutoka hapo, ilianza kufifia. Kigoma ina ghuba yenye kina na kinga. Ujiji pwani yake ni ya kina kifupi, na maji ya ziwa yalikuwa yameshuka kwa mita kadhaa baada ya kizuizi cha mto Lukuga kubomoka miaka ya 1870. Mwaka 1915 reli ya Kongo kutoka Kabalo nayo ilifika Albertville, yaani Kalemie ya leo. Kwa mapatano ya tarehe 15 Machi 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo yao wenyewe katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Shina likawa limekamilika: bahari, reli, Kigoma, ziwa. Kilichobaki kilikuwa matawi.

Tawi la Kivu ndilo hili la Kamanyola. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya bahari, na Kivu takriban mita 1,460. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ya karibu mita 690 iko baada ya Kamanyola, katika magenge ya Ruzizi na mpando wa Ngomo. Sasa tupige hesabu. Hesabu hii ni mizani ya fikra na haikutoka katika vitabu vya kampuni.

Tuseme kubeba tani moja kwa lori kwa kilometa moja kuna gharama ya kipimo 1, na kwa reli kipimo hicho ni alfa. Pasipo reli, mzigo hushuka melini Kalundu, hupanda lori, hufika Bukavu: umehamishwa mara moja. Kwa reli, hushuka melini, hupanda behewa, hushuka Kamanyola, hupanda lori: umehamishwa mara mbili. Nafuu ya reli basi ni 94 mara (1 kutoa alfa), na hasara yake ni uhamisho mmoja wa ziada. Alfa ikiwa 0.75, nafuu ni sawa na kilometa 23.5 za lori. Ikiwa ni 0.5, nafuu ni kilometa 47. Kwa maneno mengine, kama wachukuzi, ghala, ngoja ngoja na mali iliyovunjika au kuibwa Kamanyola vinagharimu zaidi ya kuendesha lori kilometa 23.5 katika uwanda ulio sawa, reli imekwisha kushindwa kabla injini yake haijawashwa moto.

Na hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Reli ilichukua ardhi tambarare, ambayo ndiyo rahisi kwa lori, ikauacha mlima, ambao ndio mgumu kwa lori. Lori lilihitajika kwa vyovyote vile. Na lori lililokwisha kuteremka Ngomo hadi Kamanyola lina sababu gani ya kusimama hapo, ilhali mbele yake pana njia iliyo sawa hadi bandarini? Malori ya miaka ya 1920 yalikuwa dhaifu na reli ingeweza kujitetea. Ya miaka ya 1950 yalikuwa na nguvu zaidi. Aidha wingi wa mzigo uletao alfa ndogo haukupatikana, kwa kuwa baadhi ya bidhaa za Kivu zilielekea kaskazini, njia ya Uganda hadi Mombasa. Pamba ya uwandani ilikuwa mzigo wa haki wa reli hii, kwa sababu yenyewe ilipakiwa mara moja tu hadi Kalundu, lakini pamba peke yake haikuweza kuilisha reli iliyokusudiwa kulisha mkoa mzima.

Kama reli ingefika Bukavu, uhamisho wa ziada ungetoweka na hesabu yote ingegeuka. Kama isingejengwa kabisa, Kalundu ingebaki kitovu cha malori. Kujengwa nusu ndiko kulikounda mkatiko mahali ambapo hapana ziwa, hapana mji, wala hapana soko. Cooley alisema watu na mali hujikusanya kwenye mkatiko. Kamanyola yatuonyesha kwamba mkatiko wa kubuni, usiolazimishwa na maumbile, hukimbiwa mara tu apatikanapo mwenye gari.

Mpaka kama umbali

Jambo jingine ambalo hesabu za Marekani hazikuwa na haja ya kulihesabu ni mpaka. Usumbura ilianzishwa na Wajerumani kama kambi ya kijeshi mwaka 1897. Mwaka 1910 Ruzizi ukakubaliwa kuwa mpaka kati ya Kongo na koloni lao. Tangu 1916 hadi 1960 ng'ambo zote mbili zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na bado zilidumu bandari mbili, Usumbura na Kalundu, ambazo miji yake imetengana kwa mwendo usiofika kilometa 30. Hakuna hesabu ya vitovu itakayoviweka viwili karibu hivyo. Lakini Ruanda-Urundi ilikuwa nchi ya udhamini yenye bajeti yake na wakuu wake, na Usumbura ulikuwa makao yao. Afisi zilivuta mzigo, mzigo ukavuta meli, na Uvira ukabaki mji wa pili wa ghuba yake mwenyewe.

Madereva wa siku za karibuni wametuachia kipimo kizuri cha gharama ya mlima. Wengi wao wakitoka Uvira kwenda Bukavu waliingia Rwanda kwa Bugarama, karibu na Kamanyola, wakapanda hadi Kamembe kwa barabara nzuri, kisha wakarudi Kongo kwa daraja la Ruzizi. Mtu avukaye mipaka miwili ili afike mji wa nchi yake anatuambia waziwazi kwamba Ngomo ni ghali kuliko forodha mara mbili. Na walioshika njia ya ndani walikutana na vizuizi vya kutoza fedha, ambavyo huku huitwa bariyeri. Hongo ya Ugogo haikufa, ilibadilisha jina.

Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliiteka Bukavu, wakashuka hadi Kamanyola, na Katogota, ambayo katika hesabu ni kifundo cha kupita tu, ikawa kando ya mstari wa mapigano kwa miezi mingi. Mwezi Desemba mwaka huo mapigano yaliteremka uwandani hadi Uvira, na waasi waliushika mji huo kwa muda. Mtandao wenye kitovu kimoja na njia moja huokoa gharama siku za amani, na siku njia inapokatwa hauna pa kuzungukia. Reli ya zamani na barabara ya sasa zilipita uwanda ule ule.

Katika mawasiliano hali hii huonekana uchi zaidi, kwa sababu habari haina uzito wa kushushwa. Mwezi Novemba 2000 watoa huduma za intaneti wa Nairobi waliunda mahali pa kubadilishana habari zao, KIXP, ili barua ya Nairobi kwenda Nairobi isizunguke kwa setilaiti hadi Ulaya au Marekani. Kwa hesabu yoyote ile hicho kilikuwa kitovu sahihi. Kilifungwa baada ya wiki mbili kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa, kikafunguliwa tena kwa leseni Februari 2002. Umbali haukubadilika hata hatua moja katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni ruhusa. Kongo nayo ilipata waya wake wa baharini, WACS, huko Muanda kwenye Atlantiki mwaka 2013, mwisho wa pili wa nchi ukiutazama kutoka Uvira, ilhali nyaya za Bahari ya Hindi zilikwisha kufika Mombasa na Dar es Salaam tangu 2009 na 2010. Shina la simu la Uvira kwa maumbile linaelekea mashariki, kule kule walikotoka mapagazi, na kila neno lipitalo huko huvuka mpaka kwanza.

Mwezi Agosti 2025 Burundi na Tanzania zilizindua ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati, na mipango iliyotangazwa inataja kuiendeleza hadi Kongo, mpaka Kindu. Ikijengwa yote, shina litapita nchi kavu na Kigoma itapoteza sehemu ya sababu yake ya kuwepo, kama Ujiji kabla yake. Ikikoma ng'ambo ya Ruzizi kwa miaka ishirini au thelathini, mzigo wa Kivu utashushwa Burundi na kupakiwa malori, na swali la kuwauliza wahandisi litakuwa lile lile la mwaka 1931: mzigo utahamishwa mara ngapi kabla ya kufika Bukavu, na mara ya mwisho utashushwa wapi?